Nguzo za Wodi ya Wazazi

Mwanangu, injinia wetu,

Hatujambo, Mungu ashukuriwe. Tetemeko la juzi lilimwaga chai tu, na mama yako akanitania: "Mwite binti yako aje akague birika." Sikuweza kucheka.

Nasikia Jumatatu unaikagua hospitali. Nondo za nguzo za wodi ya wazazi nilizisuka mimi, wewe ukiwa bado shule. Zile ringi zinazozibana, ncha zake sikuzikunja ziingie ndani ya zege kama unavyowafundisha mafundi sasa, niliona kunanichelewesha. Tetemeko kubwa litazifungua, na nguzo zitaanguka. Nimetubu kwa Mungu, kwako bado.

Wakuu wa hospitali watakuambia hakuna ufa. Wahamishe kina mama kwanza, kisha bandua plasta ya nguzo uzione ringi. Na kwenye ripoti, penye jina la fundi, usipaache wazi.

Baba yako