Mtani Wangu Yuko Juu ya Mwembe na Haniamini

Mshauri, shikamoo. Nakuomba unisome mpaka mwisho hata kama mwanzo utacheka, maana kila niliyemweleza jambo hili amecheka, na mimi nimechoka kuchekwa kwa jambo ambalo nusura liue mtu.

Mimi ni Mnyamwezi wa Goweko, nafanya kazi Tabora mjini kwenye kikundi cha kukata na kupunguza miti mikubwa, hasa hii miembe ya zamani ya njia ya misafara ambayo matawi yake sasa yamelala juu ya mabati ya watu, na kazi yangu ni ya chini, nashika kamba, natazama, napokea tawi linaposhushwa, na anayepanda ni mwenzangu ambaye nitamwita Majidi, Mzaramo wa Kisarawe, aliyekuwa mkwezi wa minazi kabla ya kuja kuoa huku. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo, kwa hiyo tangu siku ya kwanza hatujawahi kuitana majina, yeye ananiita Mpagazi na mimi namwita Mzaramo, na mteja akitukuta kazini anadhani tunagombana. Akiwa juu nampigia kelele, "Mzaramo, kamba hiyo inakatika, sema jogoo wangu umemficha wapi," kwa sababu akifa mimi ndiye mtani wa kulala kaburini mwake na kukataa kutoka mpaka nipewe jogoo, naye ananijibu, "Mpagazi, shika mzigo, ukidondosha utarudi nao ulikoutoa."

Sasa wiki mbili zilizopita tulikuwa Isevya, kwenye mwembe uliosimama katikati ya nyumba mbili, na asubuhi nilipokuwa nakunjua kamba nikaona imeliwa, ganda la nje limechanika na nyuzi nyeupe za ndani zimechomoza, nikajua ni chenso, ule msumeno wa injini, iliyoigusa jana yake tulipokuwa tunashushia gogo, na kibaya zaidi Majidi naye alikuwa ameshaona, maana alikuwa ameshikilia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli tayari kukizungushia hapo. Nikamwambia, "Mtani, leo usipande." Akasema, "Leo umekuja na sauti ya matanga, nani kafa?" Nikamwambia sitanii. Akasema, "Mtani akisema hatanii, hapo ndipo penyewe. Mgonjwa nimeshamfunga bendeji. Halafu sisi kwenye mnazi tunapanda na kitanzi cha miguuni tu, kamba ni ya wapagazi." Wateja wakacheka, na mimi, Mshauri, nikacheka nao, nikashika upande wangu wa kamba, akapanda.

Alipofika kwenye tawi la juu nikasikia, "Mtani, nakufa." Anasema hivyo kila siku. Nikamjibu, "Kufa basi, jogoo ananukia." Nikaendelea kucheka mpaka kiatu chake kikaanguka karibu na mguu wangu, nikatazama juu nikaona kamba imekwama na kuchanika pale pale penye mpira, naye ananing'inia kwa ule mkanda mfupi wa kiunoni alioupitisha kwenye tawi, mkono mmoja umeshika jani. Tulimshusha kwa ngazi ya jirani. Alichubuka mbavu tu.

Ningedhani hapo amejifunza, lakini jioni kwenye kahawa alikuwa anasimulia jinsi Mpagazi alivyodai jogoo kabla ya maiti, watu wanashika mbavu, na kamba ile ile ameikata pale ilipochanika akaunganisha kwa fundo, na wiki ijayo tunaanza mwembe mkubwa wa Kwihara kabla mvua hazijashika. Nilikwenda kwa mkewe, Mwanahawa, nikamwambia amzuie mumewe, akanijibu, "Shemeji, nyie watani mmenichosha. Juzi hapa ulikuja ukasema amekufa, nikamwaga ubwabwa wa watoto, kumbe yuko nyuma ya ukuta anacheka. Leo unataka nikuamini nini?" Nikaaga nikaondoka, kwa sababu ni kweli.

Mwenye kikundi ni Mama Advera, siku ile alikuwa shambani kwake Urambo na hajui lolote, na tangu mwanzo alishatuambia kwamba atakayeficha kifaa kibovu hatapanda mti wake tena, na Majidi hana kazi nyingine anayoijua. Nikimwambia mama, nimemnyang'anya mtani wangu riziki. Nikinyamaza, siku moja nitalala kaburini kwake kweli. Nikiuacha utani, ataniuliza kwa nini nimemchukia. Niache kazi? Naomba unielekeze.

Mtani wa Chini, Tabora

MSHAURI ANAJIBU

Mtani wa Chini, marahaba. Sikucheka. Jibu hili nilikutumia kwa simu siku ile ile barua yako iliponifikia, kwa sababu mwembe wa Kwihara haungesubiri gazeti. Hapa nalichapa kwa ajili ya wengine wanaoning'inia kwenye kamba za aina hiyo.

Tuanze na kamba. Iliguswa na chenso kwa sababu mnatumia kamba moja kumbebea mtu na kushushia magogo. Nimempigia mkataji mmoja wa Urambo, Valentino, ambaye amepanda miti tangu ujana wake na bado ana miguu yote miwili. Aliposikia habari ya mpira wa baiskeli aliuliza kwanza kama mtu huyo yuko hai. Kasema kamba ya mtu haishushi gogo hata mara moja, na kamba ikionyesha nyuzi za ndani haifungwi bendeji wala haiunganishwi kwa fundo, inakatwakatwa vipande vifupi visivyotosha hata kumfunga mbuzi. Ukiibakiza ndefu, ataiokota mtu na kuipandia.

Nawe usijifiche nyuma ya Majidi. Uliiona kamba, ulijua, na bado ulishika upande wako akapanda. Mtu wa chini ni nusu ya kazi. Bila mkono wako hapandi mtu, na ungeiachia ile kamba chini ukaenda kukaa kivulini, vicheko vya wateja visingempandisha. Na ile habari ya kwenda kumwambia mke wa mtu kwamba mumewe amekufa, ukome. Nenda ukamwombe radhi Mwanahawa, na kilo mbili za mchele mkononi, si maneno matupu.

Unauliza kama uuache utani. Usiuache. Kazi yangu imenipeleka kwenye misiba mingi ya watu wa Tabora. Nimeona mtani akiingia ndani, akabeba sufuria ya wali ikiwa bado ya moto, akavaa kanzu ya marehemu na kuketi nayo barazani, na wenye msiba wakaishia kumbembeleza. Hakuna aliyethubutu kukasirika. Mtani huchukua, na aliyechukuliwa hucheka au hulipa akomboe chake. Haki hiyo Mama Advera hana, Mwanahawa hana, mimi sina. Wewe unayo, na umekuwa ukiitumia kudai jogoo tu.

Kwa hiyo itumie. Kesho asubuhi, mbele ya watu, ichukue kamba ile. Usimhubirie, hatasikia. Mwambie, "Mzaramo, hiki ni changu," kisha ikate hapo hapo na umkabidhi vipande. Akikasirika, yeye ndiye aliyevunja utani wa babu zake, na watu wote watamwambia hivyo kabla yako.

Kamba ikishakatwa, nendeni wote wawili kwa Mama Advera na vipande mkononi, na Majidi aseme kwa mdomo wake mwenyewe yaliyotokea Isevya. Mama huyo alikataza kuficha, na anayeleta mwenyewe hajaficha. Mwambieni anahitaji kamba mbili, moja ya mtu na moja ya magogo, za rangi tofauti ili hata mgeni asizichanganye. Siahidi kwamba atamrudisha juu mara moja. Huenda akamweka chini mwezi mzima na kumpandisha mwingine. Itamfaa. Ashike kamba, atazame juu, aone tawi linavyoonekana na mtu akiwa juu yake.

Jambo la mwisho ndilo litakalowaokoa siku ambayo mimi wala Mama Advera hatutakuwepo. Umeandika kwamba hamjawahi kuitana majina. Hiyo ni mali, ilindeni. Tukananeni kutwa nzima, Mpagazi na Mzaramo, ajiandae kufa, aseme jogoo yuko wapi. Lakini kuanzia sasa, jina alilopewa na mama yake likisikika chini ya mti, kila kitu kinasimama: chenso inazimwa, anakaa kwenye tawi, anashuka. Likisikika jina lako kutoka juu, huulizi, unaanza kumshusha. Atakayelitumia jina kwa mzaha atapika chakula cha mchana cha kikundi kizima wiki nzima, akiwa amefunga kanga. Lijaribuni mkiwa chini kwanza, mpaka masikio yenu yazoee.

Mwembe wa Kwihara umewaona wapagazi wakipita na hariri na pembe. Utavumilia siku chache mpaka kamba mpya ifike.

Na jogoo wako mdai sasa. Umekwisha kumwokoa mtani mmoja, au utakuwa umemwokoa kesho asubuhi ukifanya nilivyokuambia. Mwanahawa ampike, mle pamoja, na Majidi apewe firigisi.