Barua Isiyo na Shikamoo

Kibuta, Kisarawe
2 Mei 2024

Shikamoo mama,

Hujambo wewe? Na mjukuu wangu Hamza je, meno yametoka? Mimi mzima, ila simu bado mbovu, ndiyo maana nakusumbua kwa barua pepe.

Kuna kidirisha chekundu kinatokea kwenye kompyuta. Kinasema nifanye apdeti, la sivyo mafaili yote yatafutika. Nikikifunga kinarudi, tena pale pale ninapofungua sauti za marehemu mama yako nimsikilize na chai ya asubuhi. Siwema akifutika humu, nitampata wapi tena?

Baba yako,
Mwinyijuma

Mkuza, Kibaha
3 Mei

Marahaba mwanangu! Haya, na mimi shikamoo baba. Miaka ishirini na sita unaniamkia kwa sababu nina jina la mama yako, na bado nacheka.

Hamza ana meno mawili na homa. Leo siku ya tatu sijalala vizuri, kwa hiyo nisamehe nikiandika kwa ukali. USIBONYEZE. Apdeti ya kweli haimtishi mtu. Hao ni matapeli. Zima kompyuta, chomoa modemu, usiwashe mpaka nije nizinakili sauti za mama. Hatuna kopi nyingine. Umenisikia?

Mwanao,
Tatu

Kibuta
4 Mei

Shikamoo mama,

Nimekusikia. Sijabonyeza kitu. Nazima sasa hivi. Mpe pole Hamza.

Baba yako

Kibuta
9 Mei

Hujambo binti yangu Tatu,

Natumaini wewe na Hamza hamjambo. Kompyuta imekubali apdeti lakini inataka uthibitisho. Nitumie neno la siri la barua pepe yako leo hii, vinginevyo sauti za Siwema zitafutika.

Baba yako mpendwa,
Mwinyijuma

Mkuza
10 Mei

Shikamoo baba,

Nakuandikia kwenye karatasi ya daftari. Shabani, dereva wa huko kwenu, ameshashusha mihogo yake, ananisubiri mlangoni na kelele zake: "Dada, barua gani hiyo, ya posa?"

Jana nimepata barua kutoka kwenye anwani yako. Nilikuwa namnyonyesha Hamza, simu mkono mmoja, nikaanza kuandika neno la siri. Herufi nne nilikuwa nimeshaandika. Kisha macho yakarudi juu. "Hujambo binti yangu." Lini umewahi kuniita binti? Huyo mtu amesoma barua zetu zote, baba. Ameona mzazi kumwamkia mwanawe ni kosa, akalirekebisha.

Sasa niambie ukweli. Ulibonyeza? Mpe Shabani jibu, na kompyuta yenyewe.

Tatu

Kibuta
11 Mei

Shikamoo mama,

Nilibonyeza. Siku ile ile ya kwanza, kabla sijakuandikia. Kikaniuliza neno la siri, nikalitoa. Barua yako ilipofika nikaona haya. Mtu mzima mimi, nakatazwa jambo ambalo nimeshalifanya! Nikasema ninyamaze, labda yatapita.

Kompyuta nimeifunga kwa khanga ya mama yako. Nimemwambia Shabani asiipandishie mihogo juu, sijui kama amenisikia. Tangu tarehe nne sijathubutu kuiwasha.

Baba yako

Mkuza
18 Mei

Marahaba mwanangu. Shikamoo baba.

Hamza amepona, anauma kila kitu. Fundi Didas amekaa na kompyuta siku tano. Sauti zilikuwa kumi na moja. Tisa zipo. Mbili wale watu wamezifunga, Didas anasema hazifunguki tena. Moja ni ile mama anamwimbia Hamza akiwa bado tumboni mwangu.

Nimelia, sikufichi. Tungejua siku ya kwanza pengine zingepona zote. Sikuchukii baba, ila usinifiche tena kitu, hata kiwe cha aibu vipi. Aibu yako naiweza. Kunyamaza kwako siwezi.

Ile ya mwisho ipo. Ile anayosema, "Baba Tatu, zima hicho kidude, chai inapoa."

Kompyuta anakuletea Shabani. Kopi zipo kwenye flashi mbili, moja nimebaki nayo. Neno la siri jipya nitakunong'oneza nikija.

Mwanao,
Tatu

Kibuta
21 Mei

Shikamoo mama,

Ni mimi, mwandiko huu unaujua. Leo asubuhi nikiwa namsikiliza mama yako, kikatokea kidirisha kingine, cha bluu. Sijui kilikuwa cha kweli au cha wezi, sikukiuliza.

Nimezima hicho kidude. Chai haikupoa.

Baba yako,
Mwinyijuma