Nyumba Yangu Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 4 Agosti

Kupuliza salfa, ile dawa ya unga, tangu alfajiri. Mikorosho ya hapa Lionja mirefu, unapuliza juu, vumbi linakurudia usoni. Macho ya Pius, kibarua mwenzangu, yamevimba tena. Maji ya kunawa hakuna, yaliyopo ni ya ugali. Mtoni tumefukua mchanga mpaka usawa wa kiuno, linapatikana dumu moja la tope. Kijiji kiko mbali. Ukienda, siku ya kazi imekwisha.

Jioni Gervas kaja kambini na kompyuta yake. Mha mwenzangu, wa Kasulu. Mradi wa maji umemleta kutafuta pa kuchimba kisima kirefu. Kimoja tu. Tulipokuwa Likunja, upande wa Ruangwa, alikula kwetu na kulala chini ya turubai letu. Nampenda kama mdogo wangu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemtembeza Gervas kutwa. Kibarua cha leo nimekosa. Sijali.

Kanionyesha kazi yake. Ramani, na nukta nyingi. Kila nukta mtu. Asubuhi zinaamka, zinatafuta maji ya karibu, jioni zinarudi. Penye nukta nyingi zinazohangaika, hapo kitachimbwa kisima. Mwanzoni zilikuwa zinavuka korongo kama ndege. Kazirekebisha baada ya kupita huko na mimi, kajikwaruza miguu yote.

Pius kauliza, "Mimi nipo wapi humo?"

"Huyo hapo, kaka. Hata humo umechelewa kuamka."

Pius kacheka mpaka machozi, na macho yenyewe yale.

Ijumaa, 8 Agosti

Modeli, ile ramani yake ya nukta, imegoma. Gervas anasema sababu ni sisi. Kila nukta lazima iwe na nyumba ya kurudi. Sisi wa turubai tukimaliza shamba tunahama, leo Lionja, kesho Likunja. Jioni ikifika nukta zetu hazijui pa kwenda, zinazunguka palepale, kompyuta nzima inasimama. Wakubwa wake wanataka jibu Jumatatu.

Nimemwambia asitutoe.

"Siwezi kukutoa, kaka. Naapa."

Nimemwamini.

Jumapili, 10 Agosti

Jicho la kushoto la Pius halifunguki. Nimemwosha kwa maji ya chai. Gervas hajaja.

Jumanne, 12 Agosti

Mkutano kijijini. Gervas kaonyesha modeli ukutani. Nukta zinatembea vizuri, hakuna inayokwama. Kisima kitachimbwa karibu na ghala la korosho, hukohuko kijijini. Wenyeji wamepiga makofi. Siwalaumu, nao wana shida. Kwenye ramani, mashambani kwetu palikuwa peupe. Hakuna mtu.

Nimemfuata nje. Alikuwa anakunja nyaya, hakunitazama. Kasema hakututoa. Katugawia nyumba za kijijini, nukta zetu zirudi huko kila jioni. Modeli ikatulia.

"Sikukutoa, kaka. Si nilikuahidi?"

Bora angenifuta. Kala ugali wangu, kalala ubavuni mwangu. Anajua ninapolala kuliko mama yangu anavyojua. Nimemuuliza nyumba yangu ni ipi. Kaonyesha kwa kidole: mlango wa kijani, karibu na msikiti.

"Mama yako akiniuliza habari zako," nimemwambia, "nitasema sikukuona huku."

"Usiseme hivyo, kaka."

Nimeondoka. Nimesalitiwa na mtu wa kwetu. Hilo ndilo linaniuma.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimempeleka Pius zahanati. Nesi kasema ni salfa, aoshe macho kila siku kwa maji safi.

"Ya wapi?" kauliza Pius. Nesi kaita mgonjwa mwingine.

Kurudi tumepita penye mlango wa kijani. Mama mmoja alikuwa anaanika mihogo. Tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mnakaa wapi?"

Nilitaka kusema hapa. Nikasema mashambani.

Alimtazama Pius usoni, akaingia ndani, akatoka na maji kwenye kopo. Pius akanawa polepole, bila kumwaga. Tukakaa kidogo kwenye kivuli cha ukuta. Ukuta mzuri, umepigwa lipu. Nukta yangu inalala hapa.

Jua likaanza kushuka. Tukarudisha kopo, tukashika njia ya kambini.