Mguu wa Kuku wa Mzee Umefika

Bi Shadia mpendwa, nakuomba unisaidie upesi, na uniwie radhi kwa maandishi yangu, maana naandika kwa simu, na mume wangu yuko sebuleni anatazama mpira kama mtu asiye na jambo lolote duniani.

Mimi na mume wangu Thuwein tumelelewa hapahapa Dubai, wazee wetu walitoka Unguja, tunakaa Al Mankhool, na tuna binti mmoja, Rawan, ambaye ameolewa wiki iliyopita na kijana wa Maskati aitwaye Adib, kijana mpole, ukimwambia keti anaketi, na fungate yao wamekaa hapa kwetu, na kesho asubuhi wanaondoka kwa gari kwenda kwao, wanavuka mpaka, na hapo ndipo roho yangu ilipokwama. Lakini nianze mwanzo.

Thuwein ni mtu wa vitu vya kale. Nyumba imejaa saa zisizotembea na majambia na mikebe ya shaba, nami nimezoea, nafuta vumbi nanyamaza. Wiki ya harusi nikapigiwa simu na Dancan, Mkenya anayeshughulikia mizigo kule gatini Deira, ndiye humletea Thuwein vikorokoro vyake, akaniambia, "Mama Rawan, mzee hashiki simu. Mwambie ile mguu wa kuku yake imefika."

Bi Shadia, nina nyumba imejaa wageni, mtu ananiambia habari ya kuku, nisifurahi? Nikamuuliza, wa barafu au mbichi? Akacheka, akasema, "Ni mpya kabisa, mama, hata bado iko na mafuta." Nikamwambia mafuta mengi hayanipendezi, lakini ulete tu, nitauchemsha kwanza. Akasema hii ni ile ya kizamani, zilikuwa zimeisha kabisa, sasa kuna watu wameanza kuzitoa tena. Nikajua ni kuku wa kienyeji, nikashukuru Mungu, maana hawa wa supamaketi ukiwatafuna ni kama sponji. Nikamwuliza, lakini mwanangu, mguu mmoja kwa watu wote hawa? Akasema, "Mama, hiyo moja inatosha nyumba nzima."

Akaja na mfuko, ndani yake mna boksi la mbao, akaliweka juu ya meza ya jikoni akaondoka mbiombio. Vitunguu viko motoni, nikafungua. Ilikuwa bastola. Si ya kuchezea watoto, bastola yenyewe, ile yenye kigurudumu katikati chenye matundu sita, mtutu mrefu, kitako cha mbao na kipete chini cha kupitishia kamba, inang'aa mafuta. Niliketi sakafuni palepale, na vitunguu vikaungua mpaka jirani akaja kugonga mlango.

Thuwein aliporudi alicheka mpaka akashika mbavu, akaniambia huko bara bastola huitwa mguu wa kuku, hasa watu wakizungumza kwenye simu, na mimi mke wake nimekaa Dubai miaka yote hii sijui Kiswahili. Nikamwuliza inafanya nini nyumbani kwangu. Akasema, "N'nakwambia, hichi kipambo tu. Babu yangu alikuwa askari wa Mwingereza vita vya Burma, alikuwa nayo kama hii kiunoni. Kiwanda kilishaacha kuzitengeneza zamani, sasa watu wengine wamechukua michoro ileile wanazitoa upya, kwa wenye kukusanya. Khalas, usinipandishe presha."

Nikamwuliza kibali. Akasema pambo halina kibali. Nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa wiki ya harusi na sikutaka wakwe wasikie tunagombana.

Siku ya pili nikamkuta kwenye baraza ya nje na siki na chumvi na msasa, anaisugua. Nilidhani anaisafisha, kumbe anaichafua. Ule mng'aro wote ameuondoa, mbao ameitia majani ya chai yaliyochemshwa mpaka imekuwa nyeusi, na pale palipochongwa namba na mwaka amepasugua mpaka hapasomeki. Sikuelewa hata kidogo. Nikaja kuelewa usiku wa kumkabidhi binti, mbele ya baba yake Adib na wazee wote, Thuwein alipofunua kitambaa akasema, "Hii ni bastola ya babu yangu mwenyewe, alirudi nayo kutoka vitani, mimi sina mtoto wa kiume, nampa Adib." Baba yake Adib, mzee mzima, akalia. Adib naye akalia, akaipokea kwa mikono miwili akaibusu. Bi Shadia, mimi nilikuwa nimeshika sinia ya halua, sijui ilikuwaje sikuiangusha.

Sasa iko ndani ya sanduku la Adib, nimeiona kwa macho yangu, amekunja kanzu juu yake pamoja na udi. Yeye anaamini ni chuma kibovu cha kale. Nikisema, mume wangu ataaibika mbele ya wakwe na pengine atafungwa, na sisi visa yetu na maisha yetu yote yako hapa. Nisiposema, sijui pale mpakani itakuwaje. Nimefikiri niitoe kimyakimya nikaitupe majini pale khori, au nimwite Dancan airudishe ilikotoka. Risasi sijaona, lakini pia sikutazama, wala sijui inatazamwa vipi. Nishauri, dada yangu, nifanye lipi lisilovunja nyumba?

Mama Rawan, Al Mankhool.

*

BI SHADIA ANAJIBU

Mama Rawan, majina nimeyageuza yote, lakini Thuwein akiwa anasikiliza redio hii atajijua, na ajijue. Barua yako nimeisoma nimesimama. Ule mguu wa kuku ulinichekesha, sikufichi, nilikuwa nakupiga picha akilini na sufuria yako. Nilipofika kwenye siki na chumvi kicheko kikakatika, na nilipofika kwenye sanduku nikamwambia fundi mitambo akatishe muziki.

Pole, na pole ya kweli. Umechanganywa na watu wawili, mumeo na Dancan, waliojua wanachofanya. Lakini acha kulitumia hilo neno la mumeo. Pambo ni ile mikebe ya shaba unayoifuta vumbi. Kitu kilichotengenezwa jana, kwa michoro ya silaha ya vita, kikapakwa mafuta ili kifanye kazi, ni silaha, hata ukikitia chai ya mwaka mzima. Wako watu duniani wanakusanya bastola hizi kwa haki yao, wana vibali, wana makabati ya chuma, na kila moja namba yake inajulikana iko kwa nani. Hao waache na makabati yao. Mumeo yeye hana kibali, na namba ameisugua kwa mkono wake. Hivi unajua askari wa mpakani akiona bastola mpya iliyofutwa namba atafikiria nini? Hatafikiria habari za Burma.

Na babu wa watu amekosa nini? Kama alikwenda vitani akarudi mzima, habari yake ilitosha kusimuliwa mbele ya wakwe kwa mdomo mtupu, na wangelia vilevile. Thuwein ameona haitoshi, akamtengenezea ushahidi barazani. Hilo ataliongea na nafsi yake.

Sasa wewe. Nimekuonea huruma, lakini nitakukaripia pia. Barua nzima unaogopa uso wa Thuwein, unaogopa wakwe, unaogopa visa, unaogopa hata jirani aliyesikia harufu ya vitunguu. Mtu ambaye yumo hatarini hasa umemtaja kwamba ni mpole, ukimwambia keti anaketi. Mwanamume huyo akisimamishwa kesho ataulizwa silaha hii ni ya nani, naye kwa adabu yake atajibu, ni yangu, nimepewa na mkwe wangu. Ataisema kwa fahari. Na binti yako ameketi pembeni yake kwenye gari hilohilo.

Khori usiende. Ukikutwa njiani na kitu hicho mkobani, utakuwa umejitwika kesi ya mumeo. Dancan usimwite. Aliyeleta akaondoka mbiombio alijua kwa nini anakimbia. Usiiguse, usiifungue kutazama risasi, usimwambie mtu yeyote aitazame. Iache ndani ya sanduku ilimo, sanduku lisitoke nyumbani, na chumba kifungwe.

Halafu nenda sebuleni, zima huo mpira, umwambie Thuwein maneno mafupi: safari haipo mpaka bastola itoke, na itatoka kwa njia ya sheria. Mimi si wakili. Mtafuteni wakili leo, wapo wanaozungumza lugha zenu zote, awaambie polisi waje waichukue pale ilipo, na Thuwein aseme mwenyewe alivyoipata. Anayejitokeza mwenyewe husikilizwa tofauti na anayekamatwa, ingawa siwezi kukuahidi litakaloamuliwa, na mtu akikuahidi anakudanganya. Thuwein akikataa, mpigie wakili wewe. Uliniuliza lipi lisilovunja nyumba. Halipo. Lipo la kuchagua nyumba ipi itikisike, yako yenye watu wazima wawili waliojua, au ya Rawan yenye wiki moja na isiyojua kitu.

Na Adib aambiwe kabla ya mwingine yeyote. Usisubiri Thuwein apate ujasiri, wala usisubiri wimbo utakaofuata hapa. Hujaniambia wanaondoka saa ngapi, umeandika asubuhi tu, na barua yako ni ya jana. Mama Rawan, asubuhi ni hii. Zima redio umpigie Adib, hata kama wameshatoka.