Figo za Muuza Dawa

Kwa dada yangu Rukmi, mpika majani wa chuo kikuu,

Mimi mzima, na uzuri unazidi kunielemea. Mama naye katoka hospitali jana, uvimbe wa miguu umepungua na figo zimetulia. Asante, dada.

Mimi nilimbembeleza aende hospitali hadi nikachoka. "Nani atanunua dawa kwa mgonjwa?" ndio ulikuwa wimbo wake, akiogopa wateja wa jamu yake, ile dawa ya mitishamba, watamkimbia. Akajinywea majani yake ya ule mmea uitwao misharubu ya paka, akijigamba kwamba hata wewe unayachunguza. Mpaka ulipompigia simu: "Mama, viini ninavyokamua humo vinaonekana kutuliza figo za panya. Wewe si panya. Nenda ukalazwe!"

Basi nikajifunga mgongoni shali lake la kubebea chupa, nikaenda kuuza jamu mimi, mwanamume pekee kati ya wauzaji wanawake. Bu Ngatinah, muuza tempe, vile vipande vya soya, akapaza sauti sokoni: "Jamani, bibi harusi huyo!"

"Kunywa, Bu, upate mume kama mimi."

Lakini alipouliza alipo Mama nikamwambia kweli, nikijua biashara imekufa. Hakucheka. Alipandisha sarong kidogo, nikaona miguu imevimba kama ya Mama.

Leo asubuhi alikuja kuomba yale majani. Mama, ambaye bado anajikongoja, hakumpa. Alimshika mkono, wakapita katikati ya soko kwenda hospitali, wateja wetu wote wakiwatazama.

Mdogo wako, anayekushukuru kwa figo zote mbili,
Tukijo