Muulize Mwalimu Ndege Wako Wapi

Idi, mume wangu mdogo wa huko Perth,

Hujambo? Sisi huku Mount Druitt, upande wa pili wa nchi, tumefungiwa ndani kwa korona, ila sambusa zangu zinatokea dirishani, zinauzika. Shangazi yako kapona, kelele zimerudi.

Umenitumia ile picha ya kuchorwa mliyoonyeshwa darasani, wakulima wa Uingereza wa zamani, safi, mashavu mekundu, ukauliza: "Bibi, na nyinyi shamba mlikuwa na raha hivi?" Nimekasirika, ila sijakukasirikia wewe.

Kwetu Mombo, mimi bado mtoto, mpunga umeiva, alikuja Mzungu mchoraji. Kaletwa na jumbe, mkubwa wa kijiji, mama angekataaje? Mama alikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha shambani, anafukuza ndege kwa kombeo. Akaambiwa ashuke, asimame katikati ya mpunga, acheke. Ndege wakashuka kundi zima.

"Bwana, wanakula!"

"Usitikisike, mama."

Nikarusha jiwe. Jumbe akanifokea kwamba naharibu picha.

"Basi na hao ndege wachore!" mama akasema.

Hakuwachora. Mpaka jioni chakula chetu cha mwaka kimeliwa, na mama kwenye picha anacheka.

Roho inaniuma mpaka leo. Itazame tena hiyo picha yako, halafu muulize mwalimu: ndege wako wapi?

Mkeo mzee, asiye na meno ila mdomo anao,
Bibi