Kadi ya Pili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na presha haijapanda tena. Sisi huku hatujambo. Wanangu wawili wanakusalimu sana, na yule mkubwa sasa ananipita kwa kimo, viatu vyangu havimwingii tena. Kazini pia kuzuri, mashine ya kukatia karatasi iliharibika juzi lakini imeshatengenezwa.

Ungekuwa unasikia simu ningekupigia, lakini masikio yako yaligoma zamani. Basi kaa kwenye kiti chako cha dirishani, vaa miwani, usome taratibu. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi.

Harusi ya mdogo wangu Risasi imekwisha. Imefanyika Jumamosi iliyopita, tarehe ile ile iliyokuwa kwenye kadi ya kwanza. Kadi ya pili niliyokutumia, ile iliyosema sherehe imesogezwa mbele wiki moja, haikuwa ya kweli. Kwa hiyo suti irudishe kabatini na usihangaike na safari. Jumamosi hii ile nyumba ya wageni tuliyofanyia harusi ina mkutano wa wauza mbegu, nami sipendi ukae kwenye ngazi zao na koti lako, watu wakiulizana huyu mzee ni wa nani. Najua unajiuliza ilikuwaje, na kwa nini hakuna hata mmoja aliyekufuata. Nitafika huko. Wewe mwenyewe umezoea kwamba mimi huwa nafika mwisho.

Nikuhadithie kwanza, maana ulistahili kuyaona. Mdogo wangu hakutaka harusi ya kukaa, kula na kuondoka. Alitaka tuwe pamoja tangu Ijumaa hadi Jumapili, koo mbili chini ya paa moja, zimechanganywa kwa vikundi, watu wa kwetu na wa kwao, kila kikundi na utepe wake. Alitaka michezo. Alisema anataka wakwe zake wajue amelelewa na mwalimu wa michezo. Ratiba yake nzima ilikuwa ni zile Jumamosi zetu nyuma ya nyumba za walimu, wewe na filimbi yako shingoni, sisi miguu mitupu kwenye mstari wa chokaa. Yeye alikuwa anashinda kila kitu, ukamwita Risasi. Mimi ukaniita Mkokoteni, na kwa kuwa ulikuwa unafundisha shule hiyo hiyo, hadi mwezi unaisha shule nzima ilikuwa inaniita hivyo, na mpishi wa shule pia.

Unakumbuka sheria kwamba wa mwisho anakula amesimama? Mama, Mungu amrehemu, alikuwa anachukua sahani yake na kuja kusimama nami karibu na jiko, akisema mgongo unamuuma akikaa. Hakuwa akiumwa mgongo wowote. Nilijua hata wakati ule.

Ijumaa ilikuwa kuvuta kamba. Bwana harusi aliangukia kikundi chetu cha utepe wa njano. Hujamwona, umemsoma tu kwenye barua za Risasi, kwa hiyo nikueleze: ni fundi wa majokofu, mpole, na mwili wake ukisimama mlangoni chumba kinaingia giza. Tulimfunga kamba kiunoni akawa wa nyuma kabisa. Filimbi ilipolia hakuvuta, alikaa chini tu, wale wa utepe mwekundu wakatujia wote kama nguo zinazoanuliwa kambani. Risasi alicheka mpaka akashika ukuta. Nilingoja mtu aseme neno juu ya unene wa bwana harusi, nimezoea kungoja. Hakuna aliyesema. Mama mkwe alimletea maji.

Mezani kulikuwa na kiti kimoja kitupu chenye utepe wa buluu. Kilikuwa chako. Nilisahau kukuambia kwamba huku watu wote walikuwa wanajua umekataa kuja. Wiki mbili kabla ya harusi habari hiyo ilikuwa imeshamfikia kila mtu, na bibi harusi alikuwa wa kwanza kuipata. Hata hivyo alikufungia utepe kwa mikono yake, kwa sababu alisema wewe unaweza kubadili mawazo hata ukiwa njiani kurudi. Shangazi, dada yako, alimwambia asijisumbue, anakujua tangu tumboni mwa mama yenu. Risasi alihamisha kiti kidogo ili kielekee mlango.

Jumamosi asubuhi nilimwona amesimama getini na raba zake, nywele zimejaa vibanio. Wengine walikuwa wanapiga mswaki. Alikuwa anatazama barabara inakotokea stendi, na kila gari likipunguza mwendo anashusha mkono uliokuwa umeshika geti. Alisimama pale zaidi ya nusu saa. Nilikuwa dirishani na kikombe changu cha chai, nikamtazama muda wote huo, na sikutoka. Mwisho akarudi ndani, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chako, akafungua utepe na kukibeba hadi jikoni. Kuanzia hapo kilikuwa cha kukalia wamenyaji wa viazi.

Baada ya chai zikaja mbio za kupokezana vijiti, kuzunguka uwanja mara moja kila mtu. Walinipa zamu ya mwisho. Nilipopokea kijiti tulikuwa tunaongoza, nilipofika nusu ya uwanja wote walikuwa wameshanipita, na nikawa nakimbia peke yangu watu wote wakinitazama, kifua kinawaka, miguu haitaki. Baba mkwe wa Risasi ni mwoka mikate mstaafu, mzee kukuzidi. Aliingia uwanjani na kandambili zake, akajiweka pembeni yangu na kuanza kuniuliza kama nimepata usingizi mzuri na kama watoto wangu wanapenda shule. Tukamaliza mzunguko tukizungumza habari za shule. Watu walipiga makofi, wakaenda kutafuta kivuli, na habari ikaishia hapo. Nilijificha bafuni nikalia. Nina miaka arobaini na moja, na nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kuwa wa mwisho na isiwe kitu.

Alasiri wakafunga ndoa. Aliyemshika mkono kumpeleka mbele ni huyo huyo mwoka mikate. Alikuwa ameomba ruhusa kwa kila mmoja wetu, akaja hadi chumbani kwangu, akabisha hodi, akauliza kama nitajisikia vibaya yeye akisimama pahali pako. Nilimwambia hapana. Lile lilikuwa jibu la kweli kabisa katika siku zile tatu. Risasi alipendeza, na gauni lilimkaa. Alipoulizwa jina la baba yake kwa ajili ya cheti alilitaja haraka, kama mtu anayetaja namba ya nyumba aliyohama.

Jumapili tulikuwa na chemsha bongo. Maswali niliyachapa mimi kiwandani, vikaratasi arobaini, na la kumi na tisa lilikuwa linauliza ni nani aliyemfundisha bibi harusi kukimbia. Lilitungwa kabla mambo hayajaharibika. Ningeweza kulitoa, nilikuwa na siku kumi na nne za kulitoa. Niliacha. Baba mkwe akalisoma kwa sauti kabla hajajua anasoma nini, na Risasi akasema pita, linalofuata. Likafuata la ishirini, linahusu rangi ya pikipiki ya kwanza ya bwana harusi, watu wakalidaka kwa furaha kubwa.

Sasa nifike ninapotakiwa kufika.

Unajua kwamba barua zote za ukoo wetu hupitia sanduku la posta la kiwanda chetu cha uchapaji, kwa kuwa nyumbani hatuna. Jibu lako la kadi ya kwanza lilifika mezani kwangu mchana wa Jumanne. Bahasha ilikuwa na jina la Risasi. Niliifungua. Kurasa mbili, herufi kubwa tupu kama unavyoandika ubaoni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mzuri, Baba. Ulisema umeitoa suti nje ipigwe na upepo kama mgonjwa, ulisema unafanya mazoezi ya kutembea kila asubuhi ili usimwaibishe mbele za wakwe, ulisema siku aliyozaliwa ulimbeba mpaka mkono ukafa ganzi na hukumpa mtu. Niliusoma mara tatu. Katika maisha yangu yote sijawahi kupata ukurasa kama ule kutoka kwako, wala nusu yake, na sikujua kwamba unaweza kuuandika.

Kwenye ukurasa wa pili ulinikumbuka. Ulimwagiza aniambie mimi, Mkokoteni, nianze safari wiki moja kabla, ili nifike pamoja na wenzangu.

Ni mzaha, najua. Hata siku ya harusi yangu ulikuwa mzaha, ulipopuliza filimbi katikati ya ukumbi na kuwaambia wakwe zangu mkokoteni umefika, waushike kabla haujarudi nyuma. Mume wangu alicheka kuliko wote. Miaka sita baadaye, asubuhi aliyofungasha nguo zake, aliniambia amechoka kuvuta mkokoteni. Hakulitafuta neno hilo mbali. Ulimpa wewe, kama zawadi ya harusi.

Basi nikakupa wewe hiyo wiki. Niliwasha mashine wenzangu wakiwa kwenye chakula, nikabadili tarehe, nikachapa kadi moja tu, kwenye karatasi nzuri kuliko zile mia mbili za mwanzo. Nikaipeleka posta kabla ya kufunga ofisi. Halafu nikachukua kalamu na karatasi ya kawaida, nikamwandikia Risasi barua kutoka kwako.

Hakuna mwingine anayejua. Yeye hakukukatalia, shangazi hakukukatalia. Ni mimi.

Herufi zako kubwa mtoto yeyote anaziweza. Niliandika mistari michache. Kwamba huwezi kusafiri kutwa nzima kwenda kumtazama Risasi akifungwa kwenye jokofu bovu. Kwamba mwanamume asiyeweza kukimbia mita mia hawezi kuendesha nyumba. Kwamba akishachoka na mchezo huo arudi, mlango anaujua, ila wa mwisho anakula amesimama. Aliisoma ameketi juu ya marobota ya karatasi pale kiwandani, mbele yangu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilidhani ataniuliza bahasha iko wapi, nilidhani atasema hapana, baba hawezi kuniambia mimi maneno haya, mimi ni Risasi. Nilikuwa tayari kukiri papo hapo, nakuapia, neno lilikuwa limeshafika kooni. Aliikunja, akasema ndivyo ulivyo, akaniomba maji ya kunywa. Shangazi aliposomewa alisema anakusikia kabisa, hata pumzi zako anazisikia. Bwana harusi alisema haidhuru, wazee wana maneno yao.

Barua yako ya kweli sijaichana. Iko kwenye droo yangu, na ukitaka nitairudisha. Ukitaka kumwandikia Risasi mwandikie pia, ila ujue kwamba barua bado zinapita kwangu. Njia iliyobaki ni uje mwenyewe, umgongee mlango wa nyumba yake mpya, umwambie yale maneno hukuyaandika wewe. Mimi nikiulizwa sitakataa. Atanichukia, na atakuwa na haki. Kisha atatulia, aifungue tena ile karatasi aone ni kipi hasa kilichoongopwa.

Wasalimie majirani wote, hasa yule mama anayekununulia dawa, na umwambie shukrani zake ziko moyoni. Usilale bila kula. Sisi tunakuombea afya na miaka mingi, na wajukuu wako wanasema wanakupenda. Kabla ya kufunga bahasha hii nimekaa na kuikumbuka ile barua niliyoitunga kwa jina lako, neno kwa neno, nikitafuta moja tu ambalo hujawahi kumwambia mmoja wetu kwa kinywa chako, ili angalau niseme nimekusingizia. Nimelikosa.

Ni mimi binti yako mkubwa.